Bega Lililochelewa

Jumapili, 5 Januari 1975

Leo imetimia miezi saba tangu nitoke nyumbani. Niliondoka Juni na watu wengine wa kwetu, tukiswaga ng'ombe wa mjomba wangu Budeba kuelekea bonde la Usangu kutafuta malisho. Ng'ombe walifika. Mimi ujira nilioahidiwa sikuupata, nikapanda huku milimani kutafuta kazi ya mshahara.

Sasa niko kwenye shamba la chai upande wa Igowole, katika kambi ya wachumaji, chumba cha mwisho karibu na choo. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayelisoma daftari hili asicheke.

Chai huchumwa kwa mikono miwili. Viganja vikijaa unarusha majani nyuma ya bega, yanaingia kwenye kikapu kilicho mgongoni, na mikono inarudi kichakani kabla hujapumua. Mwanzoni nilikuwa wa mwisho kila siku. Sasa siyo.

Kwetu Kwimba wamehamishwa kwenda kijiji kipya. Mke wangu Leokadia ameandika kwamba yeye na watoto wanakaa kwenye kibanda cha mabua mpaka nirudi kujenga nyumba. Nimemjibu kwamba nitarudi Pasaka.

Jumatano, 8 Januari

Mvua.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Koti langu la mpira limetoboka kwapani.

Jumatatu, 13 Januari

Mvua, na chai inaota usiku na mchana. Nyapara wetu Jailos anapita nyuma ya mistari akipiga kelele kwamba kiwanda kina njaa.

Niandike habari za jirani yangu. Anaitwa Bartholomeo Kalinga, Mhehe wa Kalenga, dereva wa lori linalobeba majani kutoka mashambani mpaka kiwandani. Mkewe Severina anachuma chai kwenye mstari wangu. Bartholomeo anasema babu zake walipigana na Wanyamwezi, na Msukuma ni Mnyamwezi aliyepotea njia akaenda kaskazini, kwa hiyo mimi na yeye ni watani. Sijui kama wazee wa kwetu wangekubali, ila mimi nimekubali. Mtu aliye mbali na kwao akipata mtani amepata pa kukaa.

Leo asubuhi amenisalimu kwa Kihehe mbele ya watu wote: "Kamwene, Msukuma! Umeshaoga tangu Usangu, au bado unanuka zizi?"

Nikamwambia, "Zizi ninalo ndiyo maana nalinuka. Wewe uliyemla mbwa wako jana, unanuka nini?"

Severina alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Hivyo ndivyo siku zinavyokwenda. Mtani hakasirikiwi, na hashitakiwi.

Jumamosi, 18 Januari

Leo lori limepinduka. Naandika kiwiko kikiwa kimelazwa mezani kwa sababu mkono wa kulia hauinuki.

Ilikuwa safari ya mwisho jioni. Wachumaji hawaruhusiwi kupanda juu ya majani, meneja alishatoa onyo, na Bartholomeo alishapewa barua moja kwa kosa hilo. Lakini kutoka shamba la bondeni mpaka kambini ni mwendo mrefu, mvua ilikuwa inapiga, na watu walikuwa wanatetemeka. Alitutazama akasema, "Pandeni, lakini mkionekana mimi siwajui."

Pale kwenye kona ya kijito matope yalikuwa laini kama uji. Lori halikwenda kasi. Liliteleza taratibu, likaegemea ukingo, likalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Wenzangu waliruka upande wa juu, wakaangukia majani. Mimi nilikuwa upande wa chini. Nilianguka nikitanguliza mkono, na ubao wa lori ukanibana bega kwenye ardhi. Nilisikia kitu kikitoka ndani, kama unapovunja mguu wa kuku aliyeiva. Walinivuta. Nilisimama. Nilikuwa na matope mpaka masikioni na sikusikia maumivu bado, nilisikia baridi tu.

Meneja alikuja na Land Rover, ndani yake mna askari polisi. Bartholomeo akawaambia hapakuwa na watu juu, sisi tulikuwa tunapita kwa miguu. Askari akauliza mmoja mmoja, umeumia? Wenzangu wakasema hapana. Akafika kwangu. Bartholomeo alikuwa amesimama karibu na taa za gari, kofia mkononi, mdomo unamcheza. Sijawahi kumwona hivyo. Nikaona niseme kitu cha kumrudishia uso.

Nikasema, "Afande, tangu dunia iumbwe Mhehe hajawahi kumuumiza Msukuma. Andika kwamba nilikuwa natembea huku nimesinzia, nikaamka nikajikuta chini."

Watu wakacheka. Bartholomeo naye akacheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba. Askari alicheka huku anaandika.

Jumapili, 19 Januari

Sikulala. Bega limevimba, na chini ya uvimbe pana shimo pasipotakiwa kuwa na shimo. Severina amekuja na sufuria ya maji ya moto na kitambaa, amenikanda. Nilipiga kelele kama mwanamke anayejifungua. Bartholomeo alikaa mlangoni. "Piga tu kelele, Msukuma," alisema, "majirani wanadhani nachinja ng'ombe wako."

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda kwa Antoni, dresa wa zahanati ya shamba. Amenipa vidonge vya kutuliza maumivu. Akaniambia wazi: "Hii siyo kazi yangu. Nenda hospitali. Lakini majeraha ya gari hospitali hawayagusi bila fomu ya polisi. Kapitie kituoni kwanza uandikishe."

Jioni nimemweleza Bartholomeo.

"Ukichukua ile fomu," akasema, "wataandika lori, wataandika dereva, wataandika kwamba ulikuwa juu ya mzigo. Leseni yangu imekwenda, mtani. Ngoja kidogo. Misuli hiyo. Severina atakukanda, wiki moja utakuwa unarusha majani."

Nikasema sawa. Hakunilazimisha. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia askari kwamba sijaumia. Nitarudi vipi kusema jambo jingine?

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Nimechuma kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, 27 Januari

Mkono wa kushoto unachuma, lakini hauwezi kurusha majani nyuma na kurudi upesi. Jailos amesimama nyuma yangu. "Ngolo, unadonoa kama kuku mgonjwa. Anayeshindwa aseme, wako watu Njombe wanaitaka nafasi hii."

Alipogeuka, Severina alimwaga viganja vyake viwili kwenye kikapu changu. Hakunitazama. Ameendelea hivyo mpaka jioni.

Jumapili, 2 Februari

Nimekandwa. Afadhali kidogo, au nimezoea.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua.

Jumanne, 11 Februari

Severina anajaza kikapu chake, kisha anajaza robo ya changu. Kwenye mzani napita. Jioni nakula kwao, ugali na maharage, siku nyingine kisamvu. Naona haya kula, na naona haya kukataa. Nimewaza leo kwamba hawa ndio watu wangu wa huku.

Leokadia ameandika kuuliza kama Pasaka ni kweli. Nimemjibu ni kweli. Bega sikulitaja.

Jumatano, 19 Februari

Mvua ya mawe. Mkono haupandi hata usawa wa kifua. Kujifunga mkanda ni shughuli.

Jumapili, 23 Februari

Nilikuwa napanga foleni ya kuni, Antoni dresa akaja akasimama nami.

"Hukwenda hospitali?"

"Sijaenda. Nakandwa."

"Na nani?"

Nikamwambia. Akacheka puani. "Mke wa dereva! Sasa wewe, Ngolo, wanakukanda bega au wanakukanda moyo?"

Watu kwenye foleni walicheka. Niliacha kuni zangu pale pale nikaondoka.

Jumatatu, 24 Februari

Nimelifikiria neno la Antoni siku nzima. Kila sufuria ya maji ya moto, kila sahani, kila kiganja cha majani. Nimejiuliza kama ningekuwa nimevunjwa na mti badala ya lori la Bartholomeo, ningekula ugali huo. Severina alipobisha hodi jioni nilinyamaza kama mtu aliyelala. Alisimama kidogo, maji yakapoa, akaondoka.

Jumamosi, 1 Machi

Tumegombana. Bartholomeo amekuja mwenyewe, akauliza kama nimemsusia.

"Unanifanya mjinga," nikasema. "Mnanilisha ili nisiende polisi."

"Nani amekuzuia? Nilikufunga?"

"Uliniambia wiki moja! Hebu tazama." Nikavua shati. Bega langu la kulia liko chini ya la kushoto, na mfupa umejitokeza mbele. Hakuwa ameliona tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkewe akinikanda yeye hukaa mlangoni akitazama nje. Alitazama. Nikadhani atatania.

"Nenda," akasema. "Jumatatu nenda. Mimi nitajua la kufanya."

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa ruhusa. Kituoni nimemkuta askari yule yule.

"Si wewe uliyesinzia?" akauliza.

Nikasema ndiyo, lakini nilikuwa natania, dereva ni mtani wangu. Akafungua kitabu chake akanisomea: hakuna majeruhi. Ameniandikia fomu, hakukataa. Ila kwenye fomu ameandika tarehe ya leo.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali ya misheni. Nimepigwa picha. Daktari ni mtu mzima, anasema Kiswahili polepole.

"Mfupa umetoka kwenye kikombe chake. Tangu lini?"

"Januari."

"Januari ya mwaka huu?"

"Ndiyo."

Aliweka picha mezani. Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Alisema, "Ungekuja siku ile, au wiki ile, ningeuvuta ukarudi kabla chai yangu haijapoa. Sasa nyama imejaza ile nafasi. Tutajaribu."

Walinipa dawa ya usingizi wakajaribu. Nilipoamka niliona nyuso zao nikajua. Anasema anayeweza kupasua na kuurudisha yuko hospitali kubwa ya Mbeya, na hata huko hawataahidi mkono kama wa zamani. Akauliza nani aliyekuwa ananikanda. Nikasema jirani. Akatikisa kichwa. "Alikuwa anaukanda mfupa ulio nje ya nyumba yake."

Wameniandikia nisichume.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimekaa chumbani. Nimehesabu mabati.

Jumatano, 12 Machi

Meneja amesema madai yangu hayaendi kwa shamba, yanaenda kwa watu wa bima ya lori, Mbeya. Wakikubali kwamba bega limetolewa na lori, watalipia upasuaji na watanilipa fidia ya kilema. Wakikataa, mimi ni mchumaji asiyeweza kuchuma, na nauli ya kurudi kwetu nijitafutie. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta miwani yake.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Wakatoliki wamekwenda kanisani, mimi nimebaki kitandani. Hii ndiyo siku niliyomwahidi Leokadia. Nimemwandikia kwamba nimeumia bega, na kwamba sijui lini.

Alhamisi, 10 Aprili

Afisa wa bima amekuja. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, anaitwa Ndugu Andendekisye, kijana kuliko mimi, suruali ina mstari, viatu vina matope ya safari. Tumekaa ofisi ya karani.

"Ndugu Ngolo, mimi sisemi unaongopa. Lakini nisaidie. Siku ya ajali uliulizwa na polisi, ukasema hukuumia."

"Nilitania."

"Ulitania na polisi?"

"Nilitania na dereva. Polisi alikuwa anasikiliza tu."

Nilidhani atacheka. Kwao nao utani wanao. Alisema, "Utani naujua. Bima haina watani."

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Ukakaa wiki sita. Mtu aliyetoka bega anakaa wiki sita? Katika wiki hizo hukuanguka kwingine? Hukupigana kilabuni? Hukubeba gogo?"

"Sikuanguka."

"Sawa. Na ulikuwa unachuma. Karani anasema majani yako yalipungua kidogo tu. Mtu mwenye bega kama hili anachumaje hivyo?"

Ningesema ni Severina, angefukuzwa, maana kumpa mwingine majani apime kwa jina lake ni wizi kwa sheria ya shamba. Andendekisye alingoja. Nilitazama matope ya viatu vyake.

"Nikirudi na jibu leo," akasema mwishoni, "ni hapana. Huku kuchelewa kumenikatia njia. Siwezi kuona kilichotokea kati ya lori na hospitali. Kama yuko mtu aliyeona, nipatie. Nitarudi tarehe ishirini na mbili."

Nilimchukia mpaka gari lake lilipopotea. Baadaye nikawaza: amesema kweli, haoni. Kati ya lori na hospitali nilifunga mlango mwenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Bartholomeo anajua, kambi nzima inajua. Hajaja. Asubuhi lori linapita mlangoni kwangu, halipigi honi.

Jumatano, 16 Aprili

Severina amekuja, bila sufuria. Alisimama.

"Kaka Ngolo, unataka mume wangu akaseme alibeba watu, akaseme alikuzuia. Barua ya pili hiyo. Sisi tule nini?"

"Shemeji," nikasema, "na mimi nile kwa mkono gani?"

Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na chumba kilikuwa kidogo. Alipofika mlangoni aligeuka. "Maji ya moto sikuyaleta kwa sababu ya polisi. Ujue hivyo. Nililelewa kwamba mtu akiumia anakandwa."

Nimemwamini. Nadhani nilimwamini siku zote, ila neno la Antoni lilikuwa tamu kwa mtu mwenye maumivu.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua nyepesi. Ukungu.

Jumanne, 22 Aprili

Andendekisye amefika kama alivyosema. Ofisini alikuwa yeye, meneja, karani na mimi. Akauliza, "Yuko aliyeona?" Nikasema, "Sijui." Ndiyo kweli, sikujua.

Mlango ulikuwa wazi. Bartholomeo aliingia na kofia mkononi. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Aliumia kwenye lori langu," akasema. "Ubao wa kulia ulimlalia. Mimi ndiye niliyemvuta kutoka chini yake."

Meneja aliweka kalamu. "Kalinga, ulisema hapakuwa na watu juu."

"Nilisema uongo. Walikuwepo. Niliwapandisha mimi."

Andendekisye alikuwa anaandika. "Na kwa nini hakwenda hospitali?"

"Mimi nilimwambia asiende. Nilimwambia ni misuli. Niliogopa ile fomu."

"Unajua unachokisema, ndugu? Hayo yote yanaandikwa."

"Andika. Safari hii hakuna aliyesinzia."

Hakuna aliyecheka. Andendekisye akauliza tena habari ya kuchuma, na mzani. Bartholomeo alinitazama mara moja. "Majani mengine aliongezewa. Aliyeongeza alikuwa anamhurumia. Kama kuna wa kukatwa mshahara nikatwe mimi."

"Nani aliongeza?" meneja akauliza.

Andendekisye alifunga kalamu yake. "Mimi jina hilo silihitaji. Nilitaka kujua kama majani yalikuwa ya mkono huu. Nimejua." Meneja alimtazama, kisha akatazama dirishani, na jambo hilo likapita.

Bartholomeo alitoka bila kusubiri kuambiwa. Nilisimama kumfuata. Nilipofika nje alikuwa ameshateremka njia ya kiwandani, kofia bado mkononi, na mvua inamnyeshea kichwani.

Ijumaa, 25 Aprili

Bartholomeo ameondolewa kwenye lori. Leseni imechukuliwa mpaka kesi ya barabarani isikilizwe. Hawakumfukuza. Wamempa kikapu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwona kwenye mstari na mkewe, anachuma. Anang'oa mpaka majani makavu, kama nilivyokuwa nafanya nilipofika. Jailos anampigia kelele zile zile.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imekatika. Kuna baridi inayouma mfupa, hasa huu wangu.

Andendekisye amekuja na jibu. Alinipeleka nje, tukakaa kwenye benchi la jua, nadhani hakutaka nisikilizwe.

"Tumekubali kwamba lori ndilo lililotoa bega," akasema. "Bila yule dereva tusingekubali. Kwa hiyo tunalipa upasuaji wa Mbeya, na mshahara wa miezi uliyokaa bila kuchuma."

"Na kilema?"

"Kilema hatulipi."

"Kwa nini? Si bega lile lile?"

"Daktari ameandika kwamba wiki ile ile lingerudi mahali pake, na leo ungekuwa unachuma. Kutoka kwake ni kwa lori. Kukauka kwake ni kwa zile wiki sita. La lori ni letu. La wiki sita..." Akanyoosha mikono.

"Ni la nani?"

"Ni lako, ndugu yangu."

"Bartholomeo aliniambia nisiende. Amekiri mbele yako."

"Alikuambia," akasema taratibu. "Hakukufunga kamba."

Ni maneno aliyoniambia Bartholomeo mwenyewe siku tulipogombana. Nimetia sahihi. Akanishikia karatasi isiteleze. Kabla ya kuondoka aliniambia jambo moja ambalo halikuwa la kazi yake. Alisema baba yake huko Tukuyu alikatwa na panga shambani, akaficha kidonda kwa sababu panga lilikuwa la shemeji yake. Sikumwuliza mwisho wake.

Ijumaa, 23 Mei

Kesi imesikilizwa. Bartholomeo hatapewa leseni mwaka huu.

Nilimwendea jioni. Alikuwa anafunga vidole vyake kwa kitambaa, chai imevikata. Nikamwambia, "Mhehe, sasa umejua kazi ya wanaume."

Aliinua macho. "Karibu, Ndugu Ngolo," akasema. "Kaa."

Ndugu Ngolo. Hivyo ndivyo anavyoniita karani, na meneja, na watu wa chama. Nilikaa, tukazungumza habari za baridi. Severina alileta chai. Tuliongea vizuri, kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye basi. Nilipotoka nilitamani anitukane ng'ombe zangu. Hakunitukana.

Amenipa kweli yake, na kweli ilipoingia utani ulitoka. Simlaumu. Mtani hashitakiwi, na mimi nilimfikisha mahali pa kujishitaki mwenyewe kwa ajili yangu.

Jumatatu, 2 Juni

Basi la Mbeya. Nilikaa upande wa dirisha, bega likiwa mbali na watu. Tulipita juu ya Usangu, bonde limekuwa la manjano, nikaona vumbi la ng'ombe kwa mbali. Sijui kama ni wa mjomba. Sikutaka kujua.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepasuliwa.

Jumamosi, 14 Juni

Maumivu, lakini ni maumivu yenye mahali.

Jumapili, 29 Juni

Daktari amenivua bendeji akaniambia niinue. Nimeinua. Mkono umefika mdomoni ukasimama. Akasema tena, nikajaribu tena, ukasimama pale pale. Akasema utaishia hapo, labda na kidole kimoja zaidi nikifanya mazoezi. Nitakula kwa mkono huu. Nitasalimia watu. Kitu kilicho juu ya kichwa sitakigusa tena kwa mkono wa kulia.

Nimewaza kuhusu nyumba. Mtu hawezi kuezeka kwa mkono unaoishia mdomoni. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayekaa juu ya paa siku ya kuezeka, na majirani wanamrushia nyasi kutoka chini huku wakimwimbia. Nimejiona nikiwa chini, na mtu mwingine juu ya paa langu. Jambo hilo limeniumiza kuliko kisu. Kisha limepungua, kama yanavyopungua mambo mengine hospitalini, kwa sababu muuguzi anakuja, uji unakuja, na aliye kitanda cha pili anataka umsimulie kwenu ni wapi.

Nimemwandikia Leokadia leo. Nimemwambia yote, pamoja na wiki sita, na pamoja na kwamba sehemu ya kosa ni yangu, asije akaisikia kwa mtu. Nimemwambia atafute nyasi azirundike, na amwombe kaka yake akubali kukaa juu.

Wananitoa hapa katikati ya Julai. Nitapitia kambini kuchukua vitu vyangu na kuwaaga watu wawili. Nategemea kuwa nyumbani wiki ya kwanza ya Agosti, kabla pamba haijakwisha kuchumwa. Nitashuka stendi nikiwa na begi kwenye mkono wa kushoto. Leokadia asishangae.